Video Inayokwama: Kijitabu kwa Wenye Kompyuta wa Nchelenge na Ufuo wa Ziwa Mweru

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, watu hufurika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, kumtazama chifu Mwata Kazembe akicheza ngoma ya Mutomboko, shoka na upanga mikononi. Simu huinuliwa juu ya vichwa. Jioni video hizo huhamishiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, jamaa wakajipanga mbele ya kioo. Hotuba za wageni zinaonekana vizuri. Lakini ngoma zikilia na Mwata akiingia uwanjani, picha inaganda, inaruka, inaganda tena, huku sauti ikizidi kwenda mbele peke yake.

Wengi huamua papo hapo kwamba kompyuta imechoka na inunuliwe nyingine. Uamuzi huo unakula pesa nyingi, na mara nyingi haukuhitajika. Ugonjwa wa video inayokwama una vyanzo vichache vinavyojulikana, na karibu vyote vinaweza kupimwa nyumbani bila kulipa hata kwacha moja. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu lugha hii ina watu wake ufuoni hapa: wachuuzi wanaovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na familia zilizokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika zikapokelewa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Familia ya namna hiyo ikitumiwa video ya harusi ya ndugu aliyebaki ng'ambo, inastahili kumwona bibi harusi akitembea hatua zake zote.

Kwanza ieleweke kompyuta inabebeshwa mzigo gani. Picha moja ya video ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila sekunde zinapita picha 30 za namna hiyo. Kama simu ingezihifadhi zote kama zilivyo, sekunde moja ingekula megabaiti 187 hivi, na flashi ya gigabaiti 8 ingejaa kabla dakika moja haijatimia. Kwa hiyo simu huzibana. Picha ya kwanza huhifadhiwa nzima, na kwa zile zinazofuata huandikwa yale tu yaliyobadilika. Mtu akihutubia amesimama, kinachobadilika ni mdomo na mkono, basi kazi ni ndogo. Kwenye Mutomboko kila kitu kinasogea kwa pamoja: vumbi, vitenge, umati, mcheza ngoma mwenyewe. Hapo kompyuta inatakiwa kuzijenga upya karibu nukta zote, mara 30 kwa sekunde, bila kupumzika. Ndiyo maana video ileile inapita vizuri kwenye hotuba na kukwama kwenye ngoma.

Jambo la pili ni namna ya kubana, na hapa ndipo kompyuta nyingi za zamani huanguka. Kwa miaka mingi video nyingi zilibanwa kwa njia iitwayo H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Mwaka 2013 ikaja H.265, inayojulikana pia kama HEVC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu bila picha kuharibika. Simu za iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017, na simu nyingi za Android nazo zinaweza. Tatizo ni kwamba kufungua mzigo wa H.265 ni kazi nzito kuliko kufungua wa H.264. Kompyuta mpya zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kazi hiyo tu. Laptopu ya mwaka 2012 ina sehemu hiyo kwa H.264, lakini kwa H.265 haina, hivyo prosesa inalazimika kuifanya kazi yote yenyewe, sawa na kupakua shehena nzima ya samaki wakavu kwa mikono ya mtu mmoja.

Kuujua ukweli huo hakuhitaji fundi. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure na ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa mwaka 1996, inatosha. Video ikiwa inacheza, mtumiaji akibonyeza Ctrl na J pamoja, kunafunguka dirisha linaloonyesha namna faili ilivyobanwa, upana na urefu wake, na idadi ya picha kwa sekunde. Humohumo kuna ukurasa wa takwimu unaohesabu picha zilizopotea. Hesabu hiyo ikipanda mbio wakati wa ngoma na kutulia wakati wa hotuba, kompyuta inalemewa. Kwenye Windows, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja huonyesha prosesa inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Ikigota karibu na 100 video inapokwama, jibu limepatikana.

Dawa yake ni kuibadilisha faili. Programu ya HandBrake, nayo ya bure, hugeuza video ya H.265 kuwa ya H.264 na kuipunguza hadi nukta 1,280 kwa 720. Kwenye kompyuta kongwe kazi hiyo huenda taratibu mno, na video ndefu inaweza kuchukua usiku kucha, kwa hiyo ianzishwe umeme ukiwa wa uhakika. Faili ya asili isifutwe. Ipo siku familia itapata kompyuta yenye nguvu, na ubora uliopunguzwa haurudi. Kabla ya kuibadilisha faili, inafaa pia kufungua mipangilio ya VLC kwa Ctrl na P na kuhakikisha kwamba programu imeruhusiwa kuitumia sehemu ile maalumu ya chipu kwa faili ambazo chipu inaziweza.

Video inayokwenda vizuri kwa dakika kumi kisha ikaanza kukwama ina kisa kingine kabisa, na kisa hicho ni joto. Prosesa ikipata moto mno hujipunguzia kasi ili isiungue. Oktoba, kabla ya mvua, ndio msimu wa joto kali, na vumbi la miezi ya kiangazi huwa limekwisha kujaa kwenye feni. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro au kitenge huzibwa matundu ya chini na kukosa hewa. Iwekwe juu ya meza au ubao. Ikizimwa na kuchomolewa chaja, vumbi la kwenye matundu lisuguliwe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Feni ikionekana, ishikiliwe kwa kijiti isizunguke wakati wa kusafisha. Fundi anayeweza kuifungua na kubadilisha dawa ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa anaweza kuirudishia mashine kasi ambayo mwenyewe aliisahau.

Umeme nao una sehemu yake. Mwaka 2024 ukame ulipunguza mno maji ya bwawa la umeme la Kariba, kiasi kwamba shirika la umeme la ZESCO lilikata umeme saa nyingi kila siku nchini Zambia, na nyumba nyingi zikazoea kuishi kwa betri na sola. Laptopu ikitumia betri, Windows mara nyingi huishusha kasi ili chaji idumu. Video ikikwama kwenye betri na kunyooka chaja inapochomekwa, mpangilio wa nishati ndio wa kubadilishwa, hata kama betri itaisha mapema zaidi.

Chanzo kingine ni flashi: zile za bei ya chini husoma polepole. Video inakiliwe kwanza kwenye diski ya kompyuta, ndipo ichezwe. Watu wengi hulisahau hili.

Kwa wanaotazama YouTube, swali la kwanza ni kama kosa ni la mtandao au la mashine, na mstari ulio chini ya video hujibu. Sehemu nyekundu ni iliyokwisha kutazamwa. Ile ya kijivu mbele yake ni iliyokwisha kupakuliwa. Kijivu kikikutana na nyekundu na duara likaanza kuzunguka, intaneti haitoshi. Kijivu kikiwa mbali mbele na picha bado inaruka, bando halina kosa na kuongeza bando ni kutupa pesa. YouTube yenyewe hukadiria kwamba ubora wa 1080 unahitaji megabiti 5 hivi kwa sekunde, na ule wa 720 megabiti 2.5. Kushuka kutoka 1080 hadi 720 au 480, kwa kubonyeza alama ya gurudumu la meno, hupunguza mzigo wa mtandao na wa prosesa kwa mpigo mmoja, na kwenye kioo kidogo cha laptopu tofauti haionekani sana. Aliye karibu na maji aangalie pia jina la mtandao lililoandikwa juu ya simu anayoitumia kuipa kompyuta intaneti, maana mawimbi ya redio hayajui mpaka, na simu iliyoshika mnara wa upande wa Kongo inaweza kwenda polepole na kutoza gharama za nje.

Kabla ya Julai ijayo, lipo la kufanya kwenye simu itakayorekodi. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio ya kamera, kuna sehemu ya miundo ya faili. Ukichaguliwa ule unaokubaliwa na vifaa vingi, simu hurudi kwenye H.264. Simu nyingi za Samsung nazo zina swichi ya kuzima ubanaji mpya. Picha kwa sekunde ziwekwe 30 badala ya 60. Faili ya H.264 itakuwa kubwa zaidi, hivyo nafasi iachwe kwenye simu, lakini itacheza kwenye laptopu ileile iliyopo nyumbani.