Nani Atafunga Hesabu za Duka?

Barua ilikuja kurasa tatu, kwa mwandiko wa kukandamiza kalamu, imetiwa saini "Mzazi Njia Panda, Singida". Imekatwa hapa na pale, hasa palipozungumzwa homa na umbali. Kilichobaki ni hiki:

"Binti yangu amemaliza darasa la saba na amepangiwa Msalato, shule ya vipaji maalumu. Mwalimu mkuu amenipongeza mpaka nikaona haya. Lakini ana miaka 13, hajawahi kulala nje ya nyumba. Nasikia huko watoto husoma mpaka wanachanganyikiwa. Nasikia pia ni shule za watoto wa wakubwa. Hapa tuna sekondari ya kata, mwendo wa nusu saa, na tangu darasa la tano yeye ndiye anayefunga hesabu za duka jioni. Nikimbakisha asome hapa nitakuwa nimemkosea?"

Mzee huyu ameandika kurasa tatu za homa, umbali na wakubwa. Duka amelipitisha katikati kimyakimya, kama gunia la mkaa lililofunikwa mihogo linapopita kwenye geti la ushuru.

Hofu zake nyingine hazihitaji karatasi nyingi. Msalato iko Dodoma, mkoa wa jirani. Ni shule ya serikali, na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016; anachodaiwa mzazi ni vitu kama godoro, shuka, ndoo na sare, pamoja na nauli. Homa hata Singida ipo.

La wakubwa lina majibu yake. Shule za vipaji maalumu zinazofahamika ni saba: wasichana hupangwa Msalato, Kilakala ya Morogoro au Tabora Wasichana, wavulana huenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora Wavulana. Mzazi haandiki barua ya kuomba, hamjui mtu, hampi mtu soda. TAMISEMI hupanga kwa ufaulu wa mtihani wa darasa la saba, masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Binti wa muuza duka alizitafuta alama zake mwenyewe, pengine baada ya kufunga hesabu.

Hapo ndipo penye jambo. Baba huyu anaandika kana kwamba kipaji ni habari aliyoletewa na mwalimu mkuu. Si kweli. Alikigundua yeye, mapema kuliko Baraza la Mitihani, siku alipompa mtoto wa darasa la tano daftari la madeni na kuona kwamba fedha ya kwenye droo inalingana na ya kwenye karatasi. Alikijua, akakifurahia, akakipangia kazi. Tangu hapo amekuwa na mhasibu asiyelipwa, asiyechelewa na asiyeiba. Kinachomsumbua sasa ni kwamba mhasibu ameitwa kwingine.

Mtoto kusaidia nyumbani si kosa. Kuteka maji, kufagia, kusimama dukani baba anaposwali au kula, hayo ndiyo malezi. Mambo huharibika pale nyumba inaposhindwa kwenda bila yeye. Mtoto aliyefikishwa hapo hawezi kuondoka bila kujiona msaliti, na watoto wenye akili ndio hulijua hilo upesi kuliko wote. Haitashangaza kama binti huyu ameshasema mwenyewe kwamba shule ya kata inamtosha. Wazee wengi wameyashika maneno ya namna hiyo wakayaita uamuzi wa mtoto.

Miaka ya 1930 huko Butiama palikuwa na kijana aliyechunga mbuzi wa nyumbani kwao. Husimuliwa kwamba mtemi wa jirani, Makongoro wa Ikizu, alimwona anavyocheza bao, akamshauri baba yake, Mtemi Nyerere Burito, ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Julius Nyerere alianza Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaingia Tabora, shule ambayo leo ni mojawapo ya zile saba. Mbuzi bila shaka walipata mchungaji mwingine.

Baba wa Singida si mkatili. Mkatili haandiki kurasa tatu. Na lipo jambo moja ambalo angekuwa na haki ya kulihofia, ila hakuligusa: mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza ataingia darasa ambamo karibu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Atatoka kwenye masomo yanayofundishwa kwa Kiswahili na kukuta karibu kila kitu kwa Kiingereza. Huenda ripoti ya kwanza ikamweka katikati ya darasa, au chini zaidi. Akirudi nayo nyumbani likizo, asikutane na baba wa kusema "si nilikwambia". Ile kuchanganyikiwa inayosemwa mitaani mara nyingi huanzia hapo, kwa mtoto anayedhani kapendwa kwa sababu ya namba. Aulizwe amepata marafiki gani, anakula nini, somo gani limemkalia vibaya. Kisha aachwe alale.

Swali lake lina jibu: ndiyo, atakuwa amemkosea. Sekondari ya kata haina ubaya, na wengi wamepitia huko wakafika mbali. Ubaya ni sababu ya kumbakisha.

Kabla ya Januari kuna majuma machache. Jioni hizo zitatosha binti amfundishe baba yake kufunga hesabu, na daftari libaki kwa mwenye duka. Kuhusu mishahara ya jioni zote tangu darasa la tano, baba aanze kwa kununua godoro, na liwe jipya.