Usiondoke Alfajiri Bila Kuaga

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa Tanga, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tangu Oktoba nipo Leipzig, Ujerumani, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Mitihani inakwisha katikati ya Februari na ndege yangu ni tarehe 27. Nimepanga nyumba na wenzangu watatu: Muitaliano, Mkorea na Mjerumani. Tumekuwa ndugu. Wamekwisha kupanga tukutane Bologna, Italia, mwezi Julai, na kila wakilitaja jambo hilo mimi nanyamaza, maana najua viza sitapata wala nauli sina. Sasa wanadhani siwajali. Chini yetu anaishi bibi mmoja mjane wa miaka 80. Kila Jumapili hunikaribisha kahawa, na Kijerumani changu karibu chote nimekipata mezani kwake. Naogopa kumuaga kwa sababu naona sitamkuta tena. Yupo pia kijana fulani, ila bado hatujaambiana lolote. Kule nyumbani mama anahesabu siku, nami usiku nalia, halafu najiona sina shukrani. Nimewaza niondoke alfajiri wakiwa wamelala, niwaachie barua mezani. Nifanyeje?*

Marahaba, binti yangu, na pole sana.

Nianze na hilo la mwisho. Barua ya mezani usiiache. Wenzako wataamka, watakuta kitanda kitupu, na watabaki wakijiuliza walikukosea nini. Wewe mwenyewe hukutoka Tanga kwa kunyata. Nina hakika ulipelekwa kwa bibi na kwa mashangazi, ukaombewa dua, mkatakana radhi, na mtu akakubebea begi mpaka stendi. Haya hatuyafanyi kwa kuwa ni mepesi. Tunayafanya kwa sababu safari ni safari, na anayebaki ana haki ya kukuona usoni kabla hujaondoka. Watu waliokulisha, wakakufundisha kuwasha mashine ya kufulia na kukukalisha karibu yao Desemba ile jua linapozama saa kumi jioni, wana haki hiyo hiyo.

Naelewa kilichokufanya ufikirie kutoroka. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona kinachokuelemea zaidi ni aibu. Unaona haya kuwaambia rafiki zako kwamba Bologna hufiki. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mpango wa Erasmus, unaowapeleka vijana wa Ulaya kusoma katika nchi nyingine, ulianza 1987 ukiwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244. Wote walikuwa wa Ulaya. Vijana wale wakiagana stesheni na kusema "tutaonana kiangazi," lilikuwa suala la nauli na likizo tu. Leo vijana wa kwetu nao wanakaa kwenye madarasa yale yale, wanafanya mitihani ile ile, ila siku ya kuagana haiwi moja kwa wote. Muitaliano wako anaweza kurudi Leipzig wiki ijayo akiwa na kitambulisho mfukoni. Mkorea anaingia kwa pasi yake bila viza na kukaa hadi siku 90. Wewe utaomba viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani mwao, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa fedha hiyo hairudi. Utadaiwa taarifa za benki, bima, mwaliko, mahali pa kulala na ushahidi kwamba utarudi kwenu. Kwa mwanafunzi asiye na mshahara, huo ni mlima.

Wenzako hawalijui hili kwa sababu hakuna dirisha lililowahi kuwadai karatasi hizo. Si ubaya wa moyo. Wakiona umenyamaza, maelezo waliyonayo ni haya tu: huyu hatupendi sisi. Kwa hiyo waambie, na waambie mapema, jikoni, wote watatu wakiwapo, bila kuzunguka. Sema: "Natamani kuja. Pasi yangu hainiruhusu kuingia bila viza, na fedha za kuihangaikia sina. Nilikuwa nanyamaza kwa kuona haya." Maneno hayo matatu manne yatakugharimu dakika mbili mbaya, kisha utaweza kula nao tena bila kuogopa Julai itatajwa.

Halafu, hebu angalia kibali chako cha ukaazi kinakwisha lini. Muhula wa baridi wa Ujerumani kwa kawaida hufungwa rasmi tarehe 31 Machi, na huenda kibali chako kimeandikwa kufuata hapo. Aliye na kibali halali cha Ujerumani anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya 180 bila kuomba viza nyingine. Maana yake ni kwamba wewe, ambaye Julai mlango utakuwa umefungwa, Februari hii uko ndani ya nyumba. Mitihani ikiisha katikati ya mwezi, zinabaki siku kumi hivi kabla ya ndege. Waombe wenzako mwende Bologna sasa, siku mbili tatu tu, badala ya Julai. Baridi itakuwepo na bwawa la kuogelea halitakuwepo, lakini mama wa Muitaliano atakuwepo na chakula chake. Iwapo fedha haitoshi, semeni wazi kila mtu anaweza kuchangia nini. Na kama haiwezekani kabisa, angalau wote wanne mtakuwa mmelijadili jambo moja lililo kweli.

Ahadi nyingine zipunguze. Kundi lenu la WhatsApp litavuma mwezi Machi, Aprili litapoa, na kufikia Agosti huenda ikabaki picha moja moja. Huko si kusalitiana. Kila mtu amerudi kwenye mitihani yake na kwa watu wake. Ukiona kati ya watatu hao mmoja anaendelea kukuandikia baada ya mwaka, huyo mshike.

Pika pilau. Hili nakuagiza kama shangazi. Ujerumani aghalabu anayeondoka ndiye anayeleta keki na kuwakaribisha wanaobaki, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa ukiita watu. Nenda Eisenbahnstraße, kwenye yale maduka ya Waarabu na Waturuki, utapata bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu kwa bei nafuu kuliko za vichupa vya supamaketi. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia kabisa, usiogope moshi, fungua dirisha. Bandika karatasi kwenye ngazi kuwaarifu majirani kwamba mna wageni na mtamaliza saa nne usiku, maana kuanzia saa hiyo wenzetu wanadai utulivu. Na mkisha kula, kabla watu hawajaanza kutawanyika, mtazame kila mmoja umwambie kitu kimoja alichokufanyia. Usiseme "asanteni kwa kila kitu." Mwambie Mjerumani: ile siku uliyonisindikiza ofisini kwa ajili ya kibali ukasubiri nje saa nzima. Mwambie Mkorea lake. Kisha waombe radhi, kama tunavyofanya kwetu. Watashangaa kidogo. Waeleze kwamba kwenu mtu haondoki na kinyongo cha mtu.

Sasa yule bibi. Yeye ndiye aliyenifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine.

Mtu mwenye miaka 80 leo alikuwa binti wa miaka kumi na sita hivi ukuta wa Berlin ulipojengwa Agosti 1961. Kama ameishi Leipzig maisha yake yote, basi alikuwa raia wa Ujerumani Mashariki, na kwa miaka 28 hakuweza kupanda treni kwenda Hamburg, upande wa Magharibi, kumwona shangazi au rafiki bila kibali cha serikali, na wengi waliomba kibali hicho wasikipate. Mji wake ndio ule ambao tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana katika barabara inayozunguka katikati ya mji, wakiwa hawajui kama wangepigwa risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta ulifunguliwa. Bibi alikuwa na miaka 44 hivi.

Unaona ninakokwenda. Katika jengo lenu lote, mtu anayejua kutaka kumtembelea mtu na kuzuiwa na karatasi ni huyo bibi. Rafiki zako wa miaka 22 itabidi uwaeleze. Yeye huenda usimweleze hata kidogo. Mwambie, "Naogopa sitapewa viza ya kurudi," kisha umuulize aliagana na nani ambaye hakuweza kumfuata. Usimlazimishe, wengine wa rika lake hawapendi kuyarudia. Akifunguka, kaa usikilize, hata kahawa ikipoa. Wapo pia Wazanzibari waliokwenda kusoma Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, nao waliagana na watu wakijua kilichobaki ni barua tu. Inawezekana bibi huyo aliwahi kukaa darasa moja au tramu moja na mtu wa kwetu.

Kwenda kwake usisubiri Jumapili ya mwisho ndipo umshtukize mlangoni. Mtilie kikaratasi kwenye sanduku lake la barua wiki moja kabla: unaondoka tarehe fulani, ungependa kuja siku fulani saa tisa alasiri, na safari hii keki utaleta wewe. Mpe siku za kujiandaa. Watu wa umri wake wana namna yao ya kukaa sawa kabla ya jambo zito, na pengine atataka kukupa kitu.

Kuhusu kifo, sitakudanganya. Yawezekana usimkute. Wewe unalijua hilo, naye analijua kukushinda. Usimuage kana kwamba yuko kaburini, wala usimwambie "mwakani nitakuja" kumfariji, kwa sababu hataamini na atalazimika kuigiza kwamba ameamini. Mwambie kitu ambacho ni kweli leo: kwamba kwake ulipata nyumba, kwamba Kijerumani chako kina sauti yake. Asipokukumbatia usidhani hakupendi. Akikushika mkono kwa muda mrefu, umekumbatiwa.

Na muachie anwani. Hana simu ya kisasa, umeniambia kwenye maelezo uliyoambatisha. Chukua bahasha tano, juu ya kila moja uandike kwa herufi kubwa jina lako na S.L.P. ya ofisini kwa baba yako, Tanga, Tanzania, ili asihangaike na tahajia zetu. Stempu atanunua mwenyewe, hilo linamfaa pia kama sababu ya kutoka nje. Wewe muandikie kwanza, ukifika, kabla ya wiki mbili kwisha.

Kijana nimemsahau makusudi mpaka hapa. Kama mmekaa tangu Oktoba bila kuambiana, siku kumi za mwisho si wakati wa kuanza, maana kila kitu huonekana mapenzi mtu akiwa amefunga mabegi. Muage kwa heshima kama wengine. Akiwa na neno, anayo namba yako.

Karatasi nazo zimalize mapema zisije zikakula wiki ya watu. Kujiondoa kwenye daftari la wakazi, ile Abmeldung, kunafanyika kuanzia wiki moja kabla ya kuhama na si zaidi ya wiki mbili baada yake. Cheti chake kitunze, utakitumia kusitisha bima, na pia ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi kama iko kwa jina lako, la sivyo madai yataendelea kuja wewe ukiwa Tanga. Akaunti ya benki usiifunge mpaka mwenye nyumba amerudisha amana. Matokeo ya mitihani hakikisha unajua nani atayatuma chuoni kwako, na kwa njia gani. Piga picha chumba kikiwa kitupu. Basi.

Limebaki la mama. Binti yangu, kulia kwa ajili ya Leipzig hakumpunguzii mama yako chochote. Kama ungekaa miezi mitano mahali ukaondoka na macho makavu, hapo ningekuwa na wasiwasi na wewe. Ila mama hana njia ya kujua machozi hayo yametoka wapi usipomwambia, na atakachokiona ni mtoto aliyerudi kimya, anayeshinda na simu, asiyemaliza chakula alichopikiwa. Atadhani Ulaya imekuharibu, na ndugu watamsaidia kudhani hivyo.

Mpigie kabla hujaanza kufunga mizigo. Mwambie unamkumbuka, unarudi kwa furaha, na kwamba wiki ya kwanza huenda ukawa mnyonge, asiogope. Mweleze kuhusu wenzako kwa majina, na huyo bibi mweleze kwa kirefu, kwa sababu bahasha zile zikianza kufika kwenye sanduku la posta, yeye ndiye atakayeletewa nyumbani na baba wewe ukiwa chuoni, na anapaswa kujua ni nani anayekuandikia.

Wako,
Shangazi