Kuipanga Picha katika Mkutano wa Video: Funzo kutokana na Uwasilishaji wa Isukuti, Iguhu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kusikia si kuona. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi methali hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa anachokitafiti hakikai katika maneno peke yake. Tangu ugonjwa wa Korona ulipofunga kumbi za mihadhara mwaka 2020, semina nyingi zimefanyika kwa mikutano ya video, na baadhi yetu tumezoea kuwasilisha data za nyanjani kwa njia hiyo. Makala haya yanajadili jinsi ya kupanga picha inayoingia katika mfumo wa mkutano na picha inayoonekana katika skrini. Hoja yetu ni kwamba mpangilio huo si kazi ya fundi peke yake. Ni sehemu ya utafiti, na ukikosewa, matokeo ya utafiti nayo hupotoka.

Mfano wetu

Mwandishi aliwasilisha isukuti kwa wanasemina akiwa Iguhu, katika nchi ya Waidakho, Kaunti ya Kakamega. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Huchezwa kwa ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma. Kiongozi huanzisha wimbo, na wachezaji, wake kwa waume, hujipanga katika safu tofauti.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalotawaliwa na fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Tukiupima uwasilishaji wetu wa kwanza kwa kipimo hicho, tulipeleka semina nusu ya tukio. Wanasemina walimwona kiongozi akiwa kivuli cheusi. Safu za wachezaji zilikatwa na ukingo wa picha, na hadhira ya kijijini haikuonekana kabisa. Yafuatayo ni mambo manne tuliyojifunza.

Chanzo cha picha

Kwanza, mtafiti achague kamera kwa makusudi. Kipakatalishi kikiunganishwa na kamera ya nje, programu huweza kuendelea kutumia ile ya ndani hadi ibadilishwe katika mipangilio ya video. Kamera ya ndani hufaa kuonyesha uso wa msemaji. Safu mbili za wachezaji huhitaji kamera iliyoinuliwa juu ya mguu wake na kusogezwa mbali. Aidha, mwanga uwe nyuma ya kamera. Sisi tuliielekeza kwenye uwanja uliokuwa na jua nyuma ya wachezaji, nayo ikapunguza mwanga wa picha nzima.

Ukali wa picha na nguvu za mtandao

Pili, picha yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya mara mbili ya ile yenye 1280 kwa 720, hivyo huhitaji data nyingi zaidi. Pale ambapo mtandao ni wa simu, afadhali kuchagua ukali mdogo ili mwendo usikatike. Katika ngoma, mwendo ndio maana: hatua ya mchezaji ikirukwa, uhusiano wake na mapigo hupotea.

Picha ya kioo

Tatu, na hapa ndipo tulipokaribia kupotoka. Programu nyingi za mikutano humwonyesha mtumiaji picha yake ikiwa imegeuzwa kama katika kioo, ilhali washiriki wengine huiona ilivyo. Mwandishi aliandika maelezo yake akiitazama skrini yake, akanukuu kuwa safu ya wanawake ilikuwa kulia kwa mtazamaji. Mhadhiri mmoja akauliza, “Mbona sisi twaiona kushoto?” Tulipogeuka kuutazama uwanja wenyewe, tuliona kuwa mhadhiri alikuwa sahihi. Laiti swali hilo lisingeulizwa, kosa lingeingia katika tasnifu pamoja na ufasiri wa nafasi ya kila jinsia uliojengwa juu yake. Dawa ni nyepesi: inua karatasi yenye maandishi mbele ya kamera. Herufi zikionekana kinyume, zima kigezo cha kioo kabla ya kuandika neno lolote.

Skrini ni ya nani?

Nne, mwonekano wa skrini upangwe pande zote mbili. Upande wa semina, mwonekano unaomfuata msemaji humkuza yeyote anayetoa sauti. Kikohozi cha mshiriki mmoja kilitosha kuwaondoa wachezaji wetu. Washiriki wengine wazime vinasa sauti, na picha ya uwanja ibanwe isihame.

Upande wa nyanjani tulikosea zaidi. Skrini ilitugeukia sisi watafiti, na kiongozi akaimbia kamera asijue anamwimbia nani. Katika uwasilishaji wa pili tuliunganisha runinga, tukachagua kupanua skrini badala ya kuirudufu. Kipakatalishi kikabaki na maelezo yetu, na runinga ikaonyesha nyuso za wanasemina zote kwa pamoja. Kiongozi alipowaona alibadilisha ubeti, akawaamkia na kuwaita waitikie. Kiitikio chao kilichelewa kwa sababu ya safari ya mtandao, jambo lililozua kicheko uwanjani, lakini hadhira ilikuwa imerudi katika tukio. Ubeti ule haukuwamo katika data za awali.

Hitimisho

Makala haya hayadai kuwa mkutano wa video unaweza kushika nafasi ya uwanja. Yanachosisitiza ni kwamba kila kigezo cha picha ni uamuzi kuhusu kipi kionekane na kipi kifichike. Hivyo basi, tunapendekeza mtafiti aeleze katika sura ya mbinu za utafiti kamera ilisimama wapi, picha ilikuwa ya kioo au la, na fanani aliiona hadhira yake au hakuiona. Msomaji wa tasnifu asiyejua hayo hawezi kujua kama anachosoma kilitendeka uwanjani, au kilitendwa na skrini.