Mtoto Akiuliza, "Huyu Ni Nani?"

Masomo ya juma: Yoshua 4:1-9, Mathayo 1:1-6, 2 Timotheo 1:3-5

Juma hili nataka tuongee juu ya kitu ambacho kiko karibu kila nyumba, lakini ni wachache wanaokihesabu kuwa baraka: picha za zamani. Zingine ziko ukutani, zingine kwa albamu, zingine ziko kwa mkebe chini ya kitanda cha mzee. Wakati wa Biblia kamera haikuwako, lakini Neno lina la kutufundisha.

Fungua Yoshua 4. Israeli wamevuka Yordani pakavu. Mungu anaagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe kutoka pale makuhani waliposimama. Yoshua akayasimamisha Gilgali. Angalia sababu yake. Si urembo. Ni ili siku moja mtoto akiuliza mawe haya ni ya nini, mzazi awe na jibu.

Sasa sikiliza vizuri. Jiwe halina mdomo. Mzazi akinyamaza, jiwe linabaki jiwe tu. Picha nayo ni hivyo hivyo. Tumeona nyumba ambapo baada ya mazishi ya nyanya, wajukuu wanageuza picha, nyuma hakuna jina, na aliyejua ameshaenda.

1. Wazazi wetu walikuwa vijana

Mwezi wa nne mwaka huu mvua ilivujia chumba cha mama yangu, tukahamisha vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku la bati tulipata mkebe wa biskuti umejaa picha. Moja ni ya Mama akiwa na miaka kama 19: nywele zimechanwa zikasimama mviringo, gauni fupi, viatu vya soli nene. Nyingine ni ya Baba, ambaye alilala katika Bwana zamani. Ameketi kwa stuli, saa mkononi, redio kubwa magotini.

Binti yangu akasema, "Kumbe Babu alikuwa na pesa!" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Redio ilikuwa ya mwenye studio. Hata saa. Shati ndiyo ilikuwa yake."

Wengi wetu tunamjua mzazi kama mtu wa karo, wa kukemea, na sasa wa kupelekwa kliniki. Picha inatuonyesha mtu mwenye ndoto, ambaye hajui bado ni mizigo gani inamngoja. Mithali 20:29 inaweka nguvu za kijana na mvi za mzee katika mstari mmoja, na kila moja ina utukufu wake. Ni mtu yule yule! Kijana, ukimwona mzee anapanda ngazi polepole, kumbuka hayo magoti yaliwahi kucheza mpira.

2. Biblia haikutumia makasi

Ndani ya mkebe kulikuwa na picha ya familia iliyokatwa upande mmoja. Aliyekatwa hayuko, lakini mkono wake umebaki kwa bega la Mama. Binti yangu akauliza ni mkono wa nani. Mama akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Huo ni wa mjomba wa baba yako. Ndugu yangu wa mwisho."

Mjomba alikufa 1996. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka hiyo. Serikali ilikuwa haijatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Hilo lilifanyika Novemba 1999. Vijana walikuwa wanazikwa, na kwa mazishi ugonjwa hautajwi. Nyumba nyingi zilizika mtu, zikazika na jina lake. Ni nani alishika makasi Mama hakusema, nami sikumsukuma. Alitoa tu picha nyingine, ndogo, aliyokuwa ameificha nyuma ya ile ya harusi yake. Mjomba mzima, na gita, anacheka.

Wapendwa, soma Mathayo 1. Huo ukoo ni kama picha ya familia ya Bwana Yesu. Tamari yuko. Rahabu yuko. Ruthu Mmoabi yuko. Mke wa Uria ametajwa, na Daudi yuko hapo hapo. Roho Mtakatifu angeweza kuwaacha nje ili ukoo uonekane msafi. Hakuwaacha. Kama Mungu hakumkata mtu kwa ukoo wa Mwanawe, sisi ni nani tushike makasi? Aliyekufa kwa Ukimwi, aliyefungwa jela, binti aliyezaa nyumbani, wote ni watu wetu.

3. Imani ilipitia kwa mtu

Mama akaendelea. Huyo Mjomba ndiye aliyeokoka wa kwanza kwao. Ndiye alimvuta dada yake kwa mkutano wa injili, akimwambia aje tu asikie gita. Mama akaenda kusikia gita, akarudi na Yesu. Kwa hivyo mimi ninayewaandikia, na binti yangu anayeimba kwaya, wokovu ulitufikia kupitia mtu ambaye uso wake ulikuwa umekatwa na makasi.

Paulo alipomwandikia Timotheo hakusema tu ana imani nzuri. Alitaja ilikotoka: nyanya yake Loisi, na mama yake Eunike. Aliwataja kwa majina. Je, wewe unamjua Loisi wa nyumba yenu?

4. Tukumbuke sawasawa

Kukumbuka si kuwaita wafu wala kuongea nao. Hatuombi kwa picha. Tunamshukuru Mungu aliyewapa uhai. Na machozi yakija, yaache yaje. Yesu alilia kwa kaburi la Lazaro, hali akijua anaenda kumfufua. Kulia si kukosa imani.

Kazi ya juma hili

Tembelea mzee wa familia na umwombe akuonyeshe picha. Kwa upole, si kama polisi. Mwache acheke, mwache anyamaze. Rekodi sauti yake na simu akikubali.

Andika majina nyuma ya picha na penseli, polepole, pembeni. Wino wa kalamu unaweza kupenya. Usitumie seloteipu kwa zilizopasuka, na zilizoshikana na albamu usizing'oe kwa nguvu. Zipige picha zikiwa hapo hapo. Pigia kila picha kwa mwanga wa mchana, bila flashi. Anza na zile za rangi za miaka ya 70 na 80, kwa maana nyingi zinageuka nyekundu na kufifia, wakati zile nyeusi na nyeupe mara nyingi bado ziko imara. Halafu ziweke mahali pakavu, mbali na jua.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani alileta wokovu kwa familia yenu? Watoto wako wanajua jina lake?
2. Kuna mtu ambaye kwenu hatajwi? Ni aibu ya nani mnayoilinda?
3. Mtoto wako akiona picha yako miaka 40 ijayo, ungependa aambiwe nini?

Tuombe: Baba, asante kwa waliotutangulia. Tupe ujasiri wa kuwataja wote, na upendo wa kusema kweli bila kuumiza. Tupe midomo ya kujibu watoto wetu wakiuliza. Katika jina la Yesu, Amina.