Nyoka Bafuni: Anapitia Wapi, na Tumzuie Vipi

Mvua za masika zinapoanza hapa Pwani, maji hujaa kwenye mashimo na mitaro, na kila kiumbe kinachoishi chini ya ardhi hutafuta mahali pakavu. Panya hupanda juu, vyura hupanda juu, na nyoka anayewala huwafuata. Kwa nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi, njia fupi ya kutoka shimoni hadi ndani ni bomba la maji machafu la bafuni. Somo la toleo hili linahusu bomba hilo.

Kwanza tupunguze hofu. Nyoka wengi wanaoonekana majumbani huingia chini ya mlango, dirishani au kupitia paa la makuti. Nyoka kutokea ndani ya choo cha kuvuta maji ni jambo la nadra, ingawa video zake husambaa haraka kwenye simu. Tundu la sakafuni bafuni ni habari nyingine. Katika nyumba nyingi, hasa za kupanga, fundi hupitisha kipande cha bomba moja kwa moja ukutani, na mdomo wake wa nje ukaachwa wazi juu ya mtaro, migomba, au shimo lililofunikwa kwa bati kuukuu. Maji ya kuogea humwagika hapo kila siku. Wadudu hukusanyika, vyura hufuata wadudu, na swila hufuata vyura. Kukicha, bomba lenye giza na ubaridi huwa maficho mazuri ya kukwepa jua.

Chukua tochi leo na umulike tundu la bafu lako. Ukiona maji yanameremeta chini, basi kuna sehemu iliyopinda kama herufi U, ambayo mafundi huiita trapu, na maji hayo yanazuia harufu na wadudu wengi. Ukiona pakavu, au ukisikia harufu ya shimo, ujue hewa inapita, na panapopita hewa hupita mende. Kisha zunguka nje utafute mdomo wa bomba. Wengi hawajawahi kuutazama tangu wahamie, na mara nyingi hapo ndipo tatizo lilipo.

Trapu peke yake haitoshi. Panya anaweza kuogelea ndani ya maji hayo akatokea upande wa pili, na nyoka pia. Ndiyo maana panahitajika vizuizi viwili. Ndani, weka kifuniko cha chuma chenye matundu madogo, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kikazwe kwa skrubu au saruji. Kifuniko kilicholala tu juu ya tundu husukumwa. Nje, funga mdomo wa bomba kwa wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, kwa kuwa nyoka aliyetoka kuanguliwa huwa mwembamba karibu kama penseli. Usitumie wavu laini wa dirisha hapo. Sabuni na nywele zitauziba kwa siku chache, maji yatarudi bafuni, na mtu atauondoa kwa hasira. Hata ule mgumu usafishwe kila wiki. Ziba pia kwa saruji nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta, maana huko ndiko hupita tandu na nge.

Nyumba ikikaa bila watu kwa wiki kadhaa, maji ya trapu hukauka. Kabla ya kusafiri mwaga lita moja ya maji kwenye kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kuchelewesha maji kukauka.

Anayehofia nyoka pekee asimsahau mbu. Mbu aina ya Culex huzaliana katika maji machafu ya mashimo na matangi, na hapa Pwani ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha. Bomba la hewa la tangi la maji taka lifungwe wavu wa mbu, na mifuniko ya mashimo isiwe na nyufa. Hapa wavu laini unafaa, kwa sababu hewa tu ndiyo inayopita.

Kuna mazoea ya kumwaga mafuta ya taa, dizeli au dawa kali bafuni ili kufukuza nyoka. Hatuyashauri. Harufu huisha, nyoka hurudi, lakini kilichomwagwa hakipotei. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya ufuoni ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji machafu hupenya haraka hadi kwenye visima tunavyochota. Kufyeka majani karibu na mdomo wa bomba, kuondoa marundo ya mawe na makuti, na kutolaza taka usiku kucha huleta faida zaidi, maana panya wakipungua nyoka naye hana cha kufuata.

Kwa mpangaji: bomba na shimo ni sehemu ya jengo, kwa hiyo anza kwa kumwambia mwenye nyumba. Asipochukua hatua, mwone afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, mtaro au bomba lililo katika hali ya kuhatarisha afya ni kero, na mwenye jengo anaweza kupewa ilani ya kuliondoa tatizo hilo.

Ukimkuta nyoka bafuni, toka, funga mlango, na uzibe nafasi ya chini kwa taulo. Usimmwagie maji ya moto wala kumchokoa kwa fimbo. Aliyejeruhiwa nusu hurudi bombani au hushambulia. Swila hutema sumu akilenga macho, na hufika zaidi ya mita mbili. Yule mkubwa kuliko swila wote wanaotema yupo hapa kwetu. Wanasayansi walimtambua kama aina ya pekee mwaka 2007, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Waite Huduma ya Wanyamapori (KWS) au watu waliofunzwa kuwakamata.

Sumu ikiingia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, bila kusugua, kisha nenda hospitalini. Aliyeumwa aondolewe karibu na nyoka, alazwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, na kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kisitikisike. Msikate jeraha, msinyonye, msikaze kamba, na msipoteze muda na jiwe la nyoka. Shirika la Afya Duniani, lililoorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo. Dawa inayopambana na sumu ni antivenomu, ambayo hutolewa hospitalini tu, wala si kila zahanati inayo. Mwulizeni mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu sasa, kabla ya tukio, ni hospitali ipi ya karibu inayoiweka. Mkifika, mwelezeni daktari saa aliyoumwa na jinsi nyoka alivyoonekana. Hakuna haja ya kumbeba nyoka mwenyewe.