Somo: Pikapu Kuukuu Isichemshe

Bariadi, mkoani Simiyu, ni juu kuliko Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Huko maji yasiyobanwa huchemka kabla ya nyuzi 97 za Sentigredi. Kwetu pwani, nyuzi 100. Ndiyo maana pikapu kuukuu iliyojaa pamba huchemsha upesi.

Hata sisi wa karafuu tufanye hivi. Kwanza, rejeta isafishwe. Ikiwa ina safu mbili za mirija, tutie ya safu tatu. Pili, kifuniko kiwe kizima, chenye presha aliyoagiza mtengenezaji, kwani maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Tatu, feni izungushiwe kava, ivute hewa kupitia rejeta nzima. Themostati isitupwe: injini ibakiayo baridi hulika.

Wala tusifungue rejeta ingali moto. Mvuke wake huunguza uso.