Kioo cha kompyuta ya gemu na macho ya mwanao

Kijana anapotaka kioo kipya cha kompyuta kwa ajili ya gemu, muuzaji humtajia kwanza wingi wa nukta za picha. Ni kweli nukta nyingi huleta picha safi, lakini usinunue kwa idadi hiyo peke yake. Zingatia haya:

1. Ukubwa. Kioo hupimwa kutoka kona hadi kona. Nukta 1920 kwa 1080 zinatosha kwa inchi 24. Kwa inchi 27, ni bora 2560 kwa 1440.

2. Nguvu ya kompyuta. Nukta 3840 kwa 2160 ni mara nne ya zile za kwanza. Kompyuta ikizidiwa, picha hukwamakwama. Maandishi nayo huwa madogo, na mtoto husogeza uso karibu. Yakuze kwenye mipangilio.

3. Kukaa. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Mwanga wa dirisha usikipige.

4. Kupumzika. Anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, hivyo hukauka na kuwasha. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20.

Mwisho, kioo cha bei kubwa hakitibu macho. Mwanao akilalamika kuumwa kichwa, au akikisogelea kioo kila mara, mpeleke akapimwe macho kabla hujatoa fedha dukani. Huenda anachohitaji ni miwani.